Tangu Otis Aache Kunguruma

Otis aliacha kunguruma wiki ile theluji ya kwanza ilipoanguka, na mji mzima ukampongeza Verlin Tollefson. Kanisani, kwenye kahawa ya baada ya ibada, wanaume walimpiga mgongoni kana kwamba timu yake ya magongo ya barafuni imetwaa kombe tena. "Kocha, umemweza yule mtoto wa mbwa!" Verlin alichovya biskuti kwenye kahawa, akasema hakukuwa na kazi kubwa hapo, ni kumwonyesha tu nani mwenye nyumba.

Mkewe, Marlys, alisimama kando yake na sahani ya keki, akitabasamu. Miaka thelathini na ushei ya ndoa ilikuwa imemfundisha kutabasamu kwa wakati unaotakiwa. Lakini ndani alikuwa na hofu, na hakujua amwambie nani, maana utamwelezaje mtu kwamba unaogopa kimya cha mbwa?

Kumwonyesha kwenyewe kulikuwa hivi. Otis, mbwa wa kahawia wa kuwaokotea wawindaji bata, aliletwa mwezi wa saba akiwa na ukubwa wa mkate na meno kama sindano. Aling'ata kama watoto wote wa mbwa wanavyong'ata: mikono, kamba za viatu, pindo la sketi. Kila alipong'ata, Verlin alimdaka ukosi, akambwaga chali sakafuni, akambana kwa goti na kumfumba mdomo kwa vidole viwili mpaka aache kufurukuta na kutazama pembeni. "Nani mkubwa hapa?" alimuuliza. "Eti, nani mkubwa?" Siku za mwanzo Otis alilia. Baadaye akaanza kunguruma, sauti nyembamba ya kitoto, na hapo Verlin akazidi kumbana, kwa sababu kwake hakuna utovu wa adabu uliopita ule wa mbwa kumngurumia anayemlisha.

Mwezi wa tisa Marlys alimbembeleza waende kwenye darasa la mbwa, lililofanyika Alhamisi jioni katika ghala la maonyesho ya kilimo. Mwalimu alikuwa Renata Kubiak, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, mifuko ya koti lake imejaa vipande vya jibini. Verlin alikaa mbele kabisa, mikono kifuani, kama mzazi aliyeitwa shuleni na hakubali kosa la mwanawe.

"Akikung'ata, lia 'aa!', toa mkono, mpe kitu cha kutafuna," Renata alieleza. "Akiendelea, inuka uondoke. Atajua meno yanamharibia mchezo."

"Nikiondoka si ameshinda?" Verlin akauliza kwa sauti yake ya uwanjani.

"Ameshinda nini, Kocha? Chumba kitupu?"

Watu wakacheka. Verlin alipenda kuchekesha, lakini kuchekwa hakukupenda hata kidogo. "Mimi nimefuga mbwa wewe hujaota meno, binti. Mbwa ni mbwa mwitu aliyevishwa mkanda. Huko porini mkubwa anamlaza mdogo chali, mambo yamekwisha. Hakuna cha jibini."

"Hayo yalionekana kwa mbwa mwitu wasiojuana, waliokusanywa huku na huku wakafungiwa ua mmoja. Hata sisi humu ndani, wafunge mlango, Krismasi haitufikii, tutakuwa tumetoana macho. Porini ni baba na mama na watoto wao. Na yule mdogo hujilaza mwenyewe, Kocha, halazwi. Ukimlaza kwa nguvu anadhani unamuua."

"Basi mwambie aache kuningurumia."

"Akinguruma mshukuru. Anakupa nafasi urudi nyuma. Ukimwadhibu kwa kunguruma, woga wake uko palepale. Kitakachoondoka ni ile taarifa."

"Nimshukuru!" Verlin aliwageukia watu. "Kesho nimwandikie na kadi, au siyo?"

Safari hii kicheko kilikuwa chake. Mwenye duka la vifaa vya uvuvi alisema baba yake hakuwahi kumbembeleza mbwa na hakuwahi kung'atwa. Mama mmoja akamjibu kwamba mbwa wa huyo baba yake walikuwa wakijificha chini ya gari kila akirudi nyumbani, mtaa mzima unajua. Kukawa na kelele. Verlin akavaa kofia yake, akavuta kamba ya Otis, na darasa kwao likaishia hapo.

Mlangoni Renata alimshika Marlys mkono wa koti. "Mama, akinyamaza kabla woga haujamtoka, hapo ndipo uanze kuwa macho. Angalia anavyokaza mwili. Angalia weupe wa jicho lake." Marlys aliitikia kwa kichwa tu, maana nje honi ya gari ilikuwa imeshapigwa.

Tangu theluji ile ya kwanza, basi, alikuwa macho. Aliona Otis akijilamba midomo bila chakula kila Verlin alipopita. Aliona anavyogeuza uso mkono ukija kichwani kwake, na anavyokauka mwili mzima, kama shati lililosahaulika kwenye kamba wakati wa baridi. Hakuwa mtoto tena. Kifua kilikuwa kimepanuka na meno ya kitoto yalikuwa yameng'oka yote, na mapya yaliyoota hayakuwa sindano. Aliyemwona kupitia dirishani angesema mbwa huyu ana adabu. Marlys alimwona mnyama anayehesabu mwisho wa uvumilivu wake peke yake, kimoyomoyo.

Alijaribu kusema. Ilikuwa jioni, viazi vinachemka, Otis amelala chini ya meza.

"Verlin, mbwa huyu hajatulia. Amejaa woga."

Verlin alimshika kidevu kwa vidole viwili, polepole, huku anatabasamu, akakishikilia hivyo mpaka Marlys akatazama chini. "Mama, wewe nitazamie viazi. Mbwa niachie mimi."

Hakuwahi kumpiga mkewe hata siku moja, na alipenda watu walijue hilo. Mara ya kwanza kumshika kidevu ilikuwa mezani kwa mama yake, mwaka waliooana, Marlys alipombishia jambo ambalo hata hakumbuki tena lilikuwa nini. Tangu hapo ilikuwa desturi. Akiwa amesimama mbele ya jiko na mvuke unamlowesha uso, Marlys alitambua ni wapi alikuwa ameviona vidole vile viwili, kabla havijafika kwenye mdomo wa mbwa. Aliona aibu, kisha hasira. Akamwaga maji ya viazi, akaviponda, akaandaa meza.

Siku chache kabla ya Sikukuu ya Shukrani binti yao, Joelle, alipiga simu kutoka jijini. Angekuja na mtoto wake, Britta, wa miaka mitatu.

"Anamwimba Otis tangu nimwonyeshe picha," Joelle alisema. "Vipi, bado anang'ata?"

Kwenye kiti chake Verlin alipunguza sauti ya televisheni. Hakugeuka, ila Marlys aliona sikio lake. Neno lilikuwa tayari mdomoni: usimlete mtoto, au mlete lakini usimwachie hata kidogo, mbwa wetu ameharibiwa. Lingechukua pumzi moja tu.

"Ameacha," alisema. "Ametulia kabisa. Hata sauti yake huisikii."

"Afadhali, mama. Nilikuwa nina wasiwasi."

Hakuna alichodanganya, na alipoweka simu chini alijichukia kuliko kama angedanganya. Baadaye alimwomba Verlin angalau mbwa akae kwenye chumba cha nyuma, pale wanapovulia mabuti, mpaka wageni waondoke.

"Nimfungie mbwa wangu kwa sababu ya mgeni wa kimo hiki?" Verlin alionyesha kwa kiganja, usawa wa goti. "Acha mtoto naye ajifunze kuwa mkubwa."

Na alimfundisha. Siku ya sikukuu wageni hawakuwa wamemaliza hata kuvua makoti Verlin alipomwita Otis katikati ya sebule, akamlaza chali mbele ya mjukuu wake. "Umeona, Britta? Babu anasema lala, analala. Muulize: nani mkubwa?"

"Nani mkubwa!" Britta alipiga makofi.

"Baba, jamani," Joelle alisema, lakini alikuwa amezaliwa katika nyumba ile, naye akaishia hapo.

Otis alilala, miguu juu, macho yameangalia ukutani. Marlys aliuona weupe wa jicho lake tokea mlango wa jikoni. Akamwambia Joelle asimwache mtoto peke yake na mbwa, tena akamwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeiba. Joelle akasema sawa, mama. Kisha akakumbuka pai ya malenge iliyoachwa kwenye gari, akatoka kuifuata. Verlin yeye alikuwa uani, anawaonyesha majirani kulungu aliyempata msimu huu, amening'inia kwenye boriti ya gereji.

Marlys alikuwa ameinama kwenye tanuri, anammwagia bata mzinga mafuta, aliposikia sauti ndogo kutoka sebuleni.

"Lala. Lala chini, Otis! Nani mkubwa?"

Alisubiri kusikia kitu kingine. Mbweko, mlio, makucha yakikwaruza mbao. Hakukuwa na kitu. Nyumba ilikuwa kimya kabisa, na katika kimya kile kijiko kilimtoka mkononi akakimbia.

Britta alikuwa amemlalia Otis kifuani, mkono mmoja umeshika ngozi ya shingo, vidole viwili vya mkono wa pili vimefumba mdomo wa mbwa vizuri kabisa, kama alivyoonyeshwa. Uso wake ulikuwa karibu na meno, shubiri moja tu, nao umejaa furaha. Otis alikuwa amekauka. Jicho lote lilikuwa jeupe.

Marlys hakuwaza. Aliingiza mkono wake kati ya uso ule na mdomo ule, na kwa mkono wa pili akamsukuma mtoto kando. Mbwa alifunga meno. Haikuja sauti yoyote, hata wakati ule. Kilichosikika ni kitu kilichovunjika ndani ya mkono wa Marlys, na Britta anayelia kwa kuwa amesukumwa. Kisha Otis akaachia, akakimbilia chumba cha mabuti, akajikunja kwenye kona chini ya makoti ya kuwindia.

Joelle aliingia, akaona damu, akamnyanyua mtoto wake na kumpapasa uso wote, mashavu, macho, midomo. Hakuwa na hata mkwaruzo. Pai ilikuwa imeanguka kwenye ngazi.

"Mama, twende hospitali. Mama! Ingia kwenye gari."

"Tangulia na mtoto. Washa gari. Nakuja."

Alijifunga kitambaa cha vyombo mkononi, akaenda kusimama kwenye mlango wa chumba cha mabuti, mgongo kwa mbwa. Alijua Verlin atapita hapo. Akaja kweli, ameshaambiwa na Joelle huko nje, amebeba kamba na ufunguo wa gari lake, ambamo bunduki ilikuwa haijatolewa tangu msimu ulipoanza.

"Hakunguruma hata kidogo," Verlin alisema. Uso wake ulikuwa umepauka, na kwa kweli alikuwa ameogopa, kwa sababu alimpenda mjukuu wake. "Umeona mwenyewe? Amenyamaza kimya, halafu anauma. Mbwa wa hivi hafai, Marlys. Hatoi taarifa. Nampeleka msituni sasa hivi."

"Taarifa alikuwa anaitoa. Wewe ndiye uliyemkataza."

"Usianze."

"Asubuhi namfungulia mlango Renata aje amchukue. Leo hapiti mtu hapa."

"Umepoteza damu, hujui unachosema. Toka mlangoni."

Marlys hakutoka. Mkono ulikuwa unawaka moto mpaka begani, na kitambaa kilikuwa kimelowa. Verlin alishusha pumzi kama kocha mbele ya mchezaji mkaidi, akahamishia kamba mkono wa kushoto. Akatabasamu. Kisha akanyoosha vidole viwili na kumshika kidevu.

Marlys alimwangalia machoni. Alingoja macho yake mwenyewe yashuke, kama yalivyozoea, na hayakushuka.

"Niachie," alisema.

Nyuma yake, chini ya makoti, kikaanza kitu. Kwanza kilikuwa chembamba, kama mtoto anayejaribu sauti aliyoisahau. Kikapanda, kikatulia kifuani, kikawa mngurumo mzito wa mbwa mkubwa, usiokatika. Marlys alihisi machozi yanamjia kwa furaha. Hakuwa amesikia sauti nzuri kama ile ndani ya nyumba hiyo kwa miaka mingi.

Tabasamu la Verlin liliondoka. Vidole vikabaki palepale, havikazi wala haviachii, huku macho yake yakihama kutoka kwa mkewe kwenda gizani kule chini, na kurudi kwa mkewe.

"Umesikia?" Marlys alimwambia. "Leo tumekuonya, Verlin. Wote wawili."