Maua Ubavuni mwa Simba

Alhamisi, baada ya alasiri, mabakuli ya bati yalikuwa yamepangwa kifudifudi kwenye baraza ya Mwanahawa, kila bakuli limevishwa kofia iliyotiwa wanga, ikikauka kwa umbo la kichwa cha mwenyewe. Mwanahawa alidarizi kofia za mkono, na mtaa wake wote pale Gongoni ulijua sharti lake: ua alilomdarizia mtu mmoja hakumdarizia mwingine. Mzee Sabiri wa mbao alikuwa na mbegu za embe. Mustafa mwenye bucha alikuwa na nyayo za njiwa. Msikitini, aliyekaa safu ya nyuma hakuhitaji kuona uso ili ajue ni nani kasujudu mbele yake.

Kofia ya Mzee Sabiri ilikauka kwanza. Mwanahawa akaichukua akavuka barabara kumpelekea, sindano yenye uzi ikiwa katikati ya vidole, maana sindano ya kofia ukiiweka chini umeipoteza. Geti la Mzee Sabiri lilikuwa la mninga, kazi ya Adinani seremala, mumewe Mwanahawa, pamoja na komeo lake la mti. Siku hiyo komeo halikuwa limefungwa. Simba alitoa kichwa, akauchukua mkono wa kulia wa Mwanahawa hadi kwenye kifundo, pamoja na sindano yake, akarudi ndani akajilaza. Mzee Sabiri alipotoka aliokota kofia kwanza, akaikung'uta mchanga, ndipo akaita watu.

Simba huyo mtaa ulikuwa unamjua. Mzee Sabiri alimnunua kwa watu wa lori kule Igunga, akiwa mdogo wa kubebwa kwapani, na kwa adabu ya ujirani watu wakamwita paka. Akaota manyoya ya shingoni, wakaendelea kumwita paka. Akinguruma alfajiri walisema paka wa Mzee Sabiri leo ana njaa. Lakini tangu jioni ile jina likabadilika bila kikao. Sasa alikuwa simba wa porini, ametokea huko njia ya Urambo, mpita njia tu, na hakuna aliyewahi kumwona kabla.

Mwanahawa alipotoka hospitali, afisa wanyamapori alikuja kumsikiliza. Aliitwa Raymundi, kijana mpole mwenye viatu vya vumbi.

"Shikamoo mama. Pole sana."

"Marahaba baba. Nimeshapoa. Umemwona mwenye simba?"

Raymundi alikaa kwenye mkeka. Alisema sheria haina maneno mengi. Anayefuga simba bila kibali ana kosa, na alichokula simba wake kiko shingoni mwake. Lakini simba wa porini hana mwenyewe. Huyo serikali hutoa kifuta machozi, jalada linafungwa.

"Mzee Sabiri anasema kaingia kwake akijihifadhi," alisema. "Anasema mgeni akikukimbilia humfukuzi."

"Mimi sitaki kufutwa machozi," alisema Mwanahawa. "Nataka mtu mmoja asimame aseme huyu simba ni wangu. Basi."

Adinani, aliyekuwa akimchujia mkewe uji, alisema maneno hayo ni ya haki kabisa. Yeye siku ya tukio alikuwa shambani Itetemia, mtaa mzima ulishamsikia akisema hivyo, na tangu hapo alimhudumia mkewe vizuri. Alimfunga kanga, alimsuka, alimkatia nyama vipande vidogo. Jioni tu ndiyo alitoka kidogo kwenda kunywa kahawa, na mtu mwenye mgonjwa ndani hanyimwi kahawa.

Kisha bega la kulia la Mwanahawa likaanza kuchoka. Ulikuwa uchovu anaoujua, wa kushona tangu asubuhi. Akawaambia waliokuja kumjulia hali kwamba mkono wake uko kazini, na wao wakasema ni kawaida, mkono uliozoea kazi haukai bure. Haikupita wiki, watoto waliokuwa wakichungulia kwenye ufa wa geti wakaja na habari kwamba simba ana mbegu za embe ubavuni, zimedariziwa kwa hariri nyeupe, mshono umepita ndani kwa ndani, hauonyeshi fundo.

Watu walikwenda kutazama, wakakubaliana kuwa ni kazi safi. Mwanahawa akamwita Raymundi.

"Ua lile ni la Mzee Sabiri. Mkono wangu umeshasema."

Raymundi alitazama ufani kwa muda mrefu. Hakulikataa ua. "Lakini hilo ni neno lako, mama, na yeye ana lake. Nipatie kofia. Kofia moja tu inayolingana na ua lililoko kwa simba, nitakuwa na mtu wa kumpeleka mahakamani."

Ijumaa hiyo Mzee Sabiri aliswali kichwa wazi. Alisema joto limezidi.

Jumamosi zilitokea nyayo za njiwa. Hapo mtaa ukatulia vibaya. Kumbe utumbo na mapafu yaliyokuwa yakitoka buchani jioni hayakuwa chakula cha mbwa. Mustafa naye akapatwa na joto. Likafuata ua la mjumbe wa mtaa, aliyepitisha ujenzi wa banda akiandika ni la kuku. Likafuata la mganga wa mifugo, aliyemchoma sindano za minyoo. Kila asubuhi wanaume walipita karibu na geti wakijifanya wanatema mate, wakitupa jicho moja ufani. Aliyemwona mwenzake bado amevaa kofia alijiuliza huyu anajiamini nini. Aliyemwona mwenzake amevua alijiuliza huyu alifanya nini. Wake zao walichoma kofia jikoni pamoja na maganda ya mihogo, na harufu ya wanga ulioungua ilikaa mtaani. Hata wasiohusika walivua, maana kuvaa peke yako ni kujionyesha. Mabakuli ya Mwanahawa yalibaki matupu barazani, na sheikh aliswalisha mbele ya safu za vipara na mvi bila kuuliza kitu, naye mwenyewe kichwa wazi.

Mwanahawa alikasirika mpaka chakula kikamshinda. Kofia zote alizozidarizi kwa mkono wake zilikuwa majivu, na hakuwa na hata moja ya kumpa Raymundi.

Ndipo akaitwa getini. Raymundi alikuja kufunga jalada, na mjumbe, Mustafa na Mzee Sabiri walikuwa wamesimama pembeni. Adinani alimshika mkewe kiwiko asijikwae. Ndani, simba alikuwa amelala ubavu, maua yamemjaa mpaka mgongoni, na karibu na paja lilikuwepo ua jipya ambalo mtaa haukulijua: komeo dogo lililozungukwa na majani ya mninga. Jani moja lilikuwa nusu. Sindano ilikuwa bado imechomekwa.

"Hili hakuna anayelijua, mama," alisema Raymundi. "Una kofia yake?"

Mwanahawa alikuwa nayo. Ilikuwa kwenye sanduku lake, chini ya nguo, haijakamilika, na jani moja lilikuwa nusu. Alikuwa akimdarizia Adinani kwa siri ampe siku ya Idi, na ua lile lilijulikana na mkono ule peke yake. Alikumbuka kahawa za jioni. Alikumbuka jinsi mumewe alivyonuka bucha akirudi, naye akadhani ni harufu ya sokoni. Moyo ulimuuma kuliko siku ya meno.

"Kama kofia ipo itolewe," alisema Mzee Sabiri kwa upole mkubwa. "Mwenye ua hilo ndiye mwenye simba. Mama mwenyewe ndivyo alivyokuwa akidai, mtu mmoja."

Mwanahawa alimtazama Mzee Sabiri, akaona jinsi alivyotulia. Akaona kwamba mtu mmoja atatoka hapa akiwa amefungwa pingu, na hatakuwa mwenye mbegu za embe. Mkono wa Adinani ulikuwa bado kiwikoni mwake, na ulikuwa na jasho.

"Silijui," alisema.

Raymundi akaandika kuwa ni simba wa porini. Mzee Sabiri alikubali kumhifadhi kwa muda, mpaka usafiri upatikane, na watu wakamshukuru kwa moyo wake.

Nyumbani Adinani alimkalisha mkewe mkekani, akamfungua kanga iliyolegea, akaifunga upya. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, vya fundi.

"Adinani," alisema Mwanahawa. "Komeo ulilifunga?"

"Komeo gani?"

Ng'ambo ya barabara simba alinguruma. Jua lilikuwa linashuka, saa yake ya kula ilikuwa imefika. Adinani alikaza fundo la kanga, akauliza kama linabana, akavaa kandambili, akasema anatoka kidogo kwenda kunywa kahawa. Alitoka kichwa wazi.