Ndoo Chini ya Kitanda cha Marivic

Kilichomtia Bibiane shaka ni machicha ya kahawa.

Marivic hakunywa kahawa. Alikuwa Mfilipino mpole, aliyelea watoto wa watu kule Auderghem, upande wa pili wa jiji, na tangu apangishwe chumba cha nyuma katika nyumba aliyopanga Bibiane hapa Jette, alikuwa amekosea mara moja tu: siku alipokaanga samaki wake wakavu wa chumvi. Harufu ilipanda ngazi mpaka kwa mwenye jengo, Jean-Pierre, akashuka na leso puani. "Nikiinusa tena, madame, aliyeileta atahama." Marivic alilia, akaapa. Bibiane, ambaye tangu atoke kwao Bukavu alikuwa amechoka kuhamahama, alimwamini.

Sasa kila asubuhi machicha yalikuwa yakitoweka kwenye chujio kabla hajayatupa. Maganda ya ndimu nayo vilevile. Na mlango wa chumba cha nyuma, ambao zamani ulikuwa haufungwi, ukaanza kufungwa kwa ufunguo.

"Ile kahawa unaipeleka wapi?" alimuuliza kwa Kifaransa, lugha iliyowakutanisha.

"Ni ya maua, maman."

Nyumba nzima haikuwa na ua hata moja.

Bibiane alimpigia simu Anne-Marie, rafiki yake wa kundi la sala.

"Kahawa, ndimu, na kufuli juu yake?" Anne-Marie alishusha sauti. "Alors, uko unalala na mulozi mu nyumba, na uko unamupikia foufou!"

"Usiseme vile. Ni mutoto wa watu."

"Mutoto wa watu! Bon. Siku utaamuka na mukia, usiniite."

Bibiane alicheka, lakini alipokata simu alijikuta anajipapasa mgongoni.

Jumamosi, Marivic alipotoka, Bibiane alichukua ufunguo wa akiba, akashika rozari mkono wa pili, akaingia. Chumba hakikunuka chochote. Hilo ndilo lililomtisha: wala sabuni, wala viatu, wala mtu. Chini ya kitanda, nyuma ya bakuli la siki, palikuwa na ndoo ya rangi iliyozibwa kwa utepe. Aliubandua. Ndani, kahawa kavu mpaka ukingoni. Alichimbua kwa vidole, akatoa mfuko ndani ya mfuko ndani ya mfuko, na mwisho chupa ya kitu kizito cha rangi ya waridi, mfano wa udongo.

"Kwa jina la Yesu," alisema, akazungusha kifuniko.

Harufu ilimpiga usoni. Alirudi nyuma, kisha akainama tena, polepole. Chumvi. Uduvi ulioachwa uchachuke. Aliona soko la visamaki vya sambaza kando ya ziwa, na mama yake akifukuza nzi kwa kanga. Huu haukuwa ulozi. Hiki kilikuwa chakula cha kwao msichana, kilichofichwa kwa kazi kubwa namna hii ili pua ya mtu yeyote isiudhike. Aliyekitoa mafichoni ni yeye Bibiane.

Aliharakisha kukirudisha kifuniko. Chupa ikateleza, ikamwagika zuliani.

Alikuwa bado anasugua zulia, mlango wa nje ulipogongwa. Jean-Pierre, leso tayari puani.

"Ni yule Mfilipino, sivyo?"

Nyuma yake, kwenye ngazi, Marivic alikuwa amesimama na mkate mkononi. Alikuwa anatazama, juu ya bega la mwenye jengo, mlango wa chumba chake ulioachwa wazi. Bibiane angesema neno moja tu, na msichana angefungasha virago leo hii.

"Hapana, monsieur. Ni yangu mimi."

"Yako?"

Bibiane alikwenda kabatini kwake, akarudi na makayabu, samaki wa chumvi wa sherehe ya ubatizo wa mjukuu wake, amefungwa kwa gazeti moja tu. Jean-Pierre alirudi hatua nyuma.

"Nitapita kesho asubuhi," alisema. "Nikisikia harufu hapa mlangoni, madame, utahama wewe."

Jean-Pierre alipopanda kwake, Marivic aliweka mkate mezani.

"Uliingia chumbani kwangu."

"Niliingia."

"Ulidhani ni nini?"

Bibiane aliona aibu kulitamka lile neno kwa Kifaransa. Marivic hakumhimiza. Alikunja zulia, akaenda kulilowesha kwenye siki bafuni. Alifungua madirisha yote, na aliporudi aliyachukua yale makayabu, akayageuzageuza na kutikisa kichwa.

"Gazeti moja, maman? Umewezaje kukaa na haya muda wote huu? Lete mifuko. Lete kahawa yote uliyonayo."

Waliyafunga makayabu mfuko ndani ya mfuko mpaka jioni, wakayafukia kwenye kahawa.

Asubuhi hatua zilishuka ngazi, zikasimama mlangoni. Wanawake wawili walisimama upande wa pili, wakisikiliza pua ikivuta hewa. Ikavuta tena. Kisha hatua zikaendelea kushuka, na mlango wa barabarani ukajifunga.

Bibiane alitoa ufunguo wa akiba mfukoni mwa gauni, akauweka juu ya kifuniko cha ndoo. Marivic aliutazama kitambo kabla ya kuuchukua.