Mtungo wa Mbegu wa Shangazi Eufelia

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na sitaki mtu mwingine anigombanie cheo hicho. Nimefukuzwa kazi mara nne, nimeachwa na mke mara moja na nusu, nimewahi kununua farasi kipofu kwa sababu alionekana mtulivu. Lakini ujinga wa siku ya mfereji ni mkubwa wa yote.

Kila Machi sisi wanaume wa kijiji cha Ojo Hondo husafisha mfereji unaoleta maji mashambani, na familia hulisha wachimbaji kwa zamu. Zamu ilipofika kwetu, Shangazi Eufelia alikuwa mjini kwa daktari wa macho. Nikajisemea, leo watanijua. Jikoni pilipili nyekundu ilikuwa imebaki kiganja kimoja. Ila nyuma ya mlango wa stoo niliona mtungo mzima unaning'inia, pilipili kavu zimetungwa kwa uzi, umefunikwa gunia la unga. Wala sikujiuliza kwa nini umefunikwa. Nikaukata. Nikapasua pilipili moja moja, mbegu nikawatupia kuku, maana kuku hawasikii ukali, wanadonoa kama njugu. Maganda nikayaloweka, nikayasaga na kitunguu saumu, nikayamwagia nyama ya nguruwe.

Wanaume walilamba sahani. Mkuu wa mfereji alisimama akanipa mkono. Nilikuwa bado nimeushika mkono huo Shangazi alipoingia, akatazama mlango wa stoo, kisha akawatazama kuku.

Ulikuwa mtungo wa mbegu. Pilipili yetu ni ndogo, imepinda kama kidole cha bahili, na haipatikani dukani. Wanawake wa familia wameipanda shamba lile lile tangu kabla New Mexico haijaitwa jimbo. Ukame wa mwaka jana ulituachia mtungo mmoja tu, na zilikuwa zimebaki wiki chache tupande.

"Zote, Delfino?" aliuliza.

"Labda kuku wamebakiza, Shangazi."

"Hawajabakiza. Wao wamekula mbegu, wewe umekula shamba."

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Kesho yake alfajiri nilimkuta ameketi kwenye pikapu yangu, mkoba mapajani, skafu imekazwa chini ya kidevu.

"Washa gari."

"Twende wapi?"

"Mbegu hutembea. Mama yangu alikuwa mkarimu, lazima kuna mtu aliwahi kumpa. Tutakula kila mkahawa wa barabara hii mpaka tuikute. Ulimi ulioimaliza ndio utakaoitafuta."

Mkahawa wa kwanza ulikuwa kando ya pampu ya petroli. Mhudumu, kalamu imechomekwa kwenye nywele, akatuuliza swali la kila mkahawa wa kwetu kuhusu mchuzi wa pilipili: "Nyekundu au kijani?"

"Nyekundu," alisema Shangazi, "na usiniwekee jibini juu kuificha."

Alionja kijiko kimoja, akakiweka chini polepole kama mtu aliyeona panya. "Bizari! Wameweka bizari! Binti, mpishi wenu katoka Texas?"

"Ndiyo, bibi. Umejuaje?"

"Pole sana, mwanangu."

Kwenye mkahawa wa pili mchuzi ulikuwa umezidishwa unga wa ngano. Shangazi alisema angekuwa na ukuta wenye ufa angefungiwa mchuzi kidogo akauzibe. Wa tatu ulikuwa mtamu kweli, nikaufuta wote kwa chapati ya tortilla, lakini ile ilikuwa pilipili ya kusini: inapiga hodi na kuingia papo hapo. Yetu haiji hivyo. Yetu hukuonjesha utamu kwanza, kama zabibu kavu. Ukishaanza kujisifu kwamba wewe mwanamume, ndipo inakukamata nyuma ya masikio.

Saa nane mchana tulikuwa tumekula mikahawa sita. Mkanda wangu ulikuwa umefunguliwa matundu mawili. Mbele yetu, kwenye kona ya Rito Pardo, palikuwa na nyumba ya udongo yenye milango ya buluu na malori ya kuni nje.

"Pita," alisema Shangazi.

"Umesema kila mkahawa."

"Huo si mkahawa. Huo ni wa Brígida."

Brígida Olivas na shangazi yangu hawajasalimiana miaka thelathini na moja. Siku ya San Isidro, mtakatifu wa wakulima, mbele ya padri na kijiji kizima, Brígida alionja mchuzi wa Shangazi akasema, "Umekosa chumvi." Watu wameua kwa madogo kuliko hayo.

"Injini imechemka," nikasema.

"Mshale wa joto uko chini, mwongo wewe."

"Basi mimi ndiye niliyechemka," nikasema, nikapinda kona.

Ndani palikuwa na wakata kuni wanne na bibi mmoja wa posta. Brígida mwenyewe alitoka jikoni, mrefu, mikono imejaa unga hadi viwikoni. Alimtazama Shangazi kama mtu anayetazama mvua ya mawe inakuja. Hakuuliza nyekundu au kijani. Alirudi jikoni akaleta sahani mbili za enchilada, chapati zilizolowa mchuzi mwekundu, yai juu, na kikapu cha maandazi ya sopaipilla yamefura kama mito ya kulalia, akavibwaga mezani.

Nikaonja. Utamu wa zabibu kavu. Nikangoja. Nikamwambia Shangazi, "Mh, hii nayo ni ya kawaida tu," na kabla sijafunga mdomo, moto ukanishika nyuma ya masikio.

"Shangazi!" Nilirarua sopaipilla, nikaijaza asali, nikaisukumia mdomoni nipone. "Ndiyo hii! Ndiyo yenyewe!"

"Siyo."

"Unalia, Shangazi."

"Vitunguu."

"Havimo."

"Nimesema siyo! Mwanamke yule hawezi kuwa na..." Akachukua kijiko cha pili, na cha tatu. Nimemjua miaka arobaini na sijawahi kumwona akirudia kijiko cha mchuzi wa mtu mwingine.

Brígida alikuwa amesimama nyuma yetu. "Sahani ina kasoro gani safari hii? Chumvi?"

"Uliipata wapi hii?" Shangazi akauliza bila kugeuka.

"Mwaka ule mvua ya mawe ilipolaza shamba letu chini, mama yako alikuja kwa miguu, amebeba mbegu kwenye soksi. Nilikuwa na miaka tisa. Tangu hapo sijapanda nyingine."

Nikaona bora niseme mimi, kwa kuwa aibu na mimi tumezoeana. Nikasimulia yote: mfereji, gunia, kuku. Wakata kuni wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Bibi wa posta akasema, "Kijana, wewe ungefungwa."

Brígida hakucheka. Aliingia stoo, akatoka na mtungo mrefu kama mtoto wa miaka mitano, akauweka mezani, akauwekea mkono juu.

"Nitakupa, Eufelia. Lakini kwanza simama uwaambie hawa wote kwamba pilipili yangu inaishinda yako."

Wakata kuni wakaacha kutafuna. Mimi nilimtazama Shangazi nikimwomba kwa macho, maana najua kiburi chake. Kiburi hicho ndicho kilichonilea. Angeweza kuondoka. Angeweza kurudi Ojo Hondo akapanda maboga hadi kufa.

Akafuta mdomo. Akasimama, ingawa kusimama kwake na kuketi havipishani sana kwa urefu. Akaushika mtungo kwa upande wake.

"Pilipili ya Brígida Olivas," alitangaza, kwa sauti ya kusoma matangazo kanisani, "inaishinda yangu."

Brígida akainua mkono wake. Mkahawa mzima ukalipuka makofi, wakata kuni wakagonga meza kwa vikombe, nami nikajikuta nampigia mluzi shangazi yangu kama yuko mashindanoni. Yeye alikwisha kuukumbatia mtungo kifuani, pilipili zinachakarika kama njuga, anatembea kuelekea mlangoni kichwa juu.

"Mmesikia?" Brígida akawageukia watu, mikono kiunoni, uso unang'aa. "Mmesikia wenyewe? Yangu ndiyo bora! Kasema kwa kinywa chake!"

Shangazi akasimama kizingitini.

"Lazima iwe bora, Brígida. Mama yangu hakuwahi kumpa mtu mbegu mbovu."