Chokaa Kwenye Fomu ya Bima

Kampuni yetu ilipata cheti siku ya Jumatatu, na mpaka Alhamisi asubuhi ya wiki ile ile hatukuwa tumempata mtu mjini aliyekubali kuidhamini.

Naitwa Makungu, mzaliwa wa Makunduchi. Nimekuwa mwashi wa nyumba za Mji Mkongwe kwa miaka arubaini na mitatu, yote chini ya makampuni ya watu wengine. Kusoma nilijifunza ukubwani, darasa la usiku, nikiwa na miaka ishirini na sita na mikono imebabuka kwa chokaa. Tangu hapo sijatia saini karatasi ambayo sikuisoma. Aliyenisukuma nifungue kampuni ni binti yangu, Salhiya. Aliacha kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja ya Shangani, akaniambia, "Baba, majengo unatengeneza wewe, vibao wanaweka wao. Na sisi tuweke chetu."

Zabuni yetu ya kwanza ilikuwa nyumba kongwe ya Kajificheni, itengenezwe iwe maktaba ya watoto. Mwisho wa kupeleka maombi ulikuwa Ijumaa, saa sita mchana. Sharti kubwa lilikuwa dhamana: karatasi ya benki au ya kampuni ya bima inayosema kwamba fundi huyu akiikimbia kazi, wao watasimama mahali pake.

Benki ya kwanza walitaka hesabu za kampuni za miaka mitatu. Salhiya akawaambia kampuni ina siku moja. "Basi rudini baada ya miaka mitatu," akasema yule bwana, wala hakuwa anatania. Benki ya pili walitaka kuuona mkataba kwanza, na wenye kazi walitaka kuiona dhamana kwanza. Benki ya tatu waliniuliza umri. Nikasema sitini na tisa. Wakatazamana. Niliinuka kabla hawajatamka neno ambalo ningelazimika kulijibu.

Alhamisi asubuhi tulipanda ngazi za kampuni moja ya bima karibu na Darajani. Ofisa wake alikuwa kijana wa mjini anayeitwa Basil.

"Shikamoo, mzee wangu. Wewe si ndiye uliyejenga ukuta wa uani kwa bibi yangu?"

"Marahaba. Nimeutengeneza tu. Walioujenga wamekufa zamani."

Akacheka, akatuagizia chai. Yeye hakuuliza umri. Alisema dhamana ataitoa siku ile ile, ila lazima tukate kwao bima ya kazi yenyewe na ya mafundi wetu. Moyo ukanitulia. Nikashuka kwenda kutoa kopi ya kitambulisho changu, nikawaacha yeye na Salhiya wakijaza fomu kwenye kompyuta.

Niliporudi, karatasi kumi na moja zilikuwa mezani, tayari kwa saini.

"Hapa, hapa na hapa," Basil akaonesha.

Nikavaa miwani, nikaanza kusoma ukurasa wa kwanza. Salhiya akatazama saa yake. Kwenye ukurasa wa sita nikakuta: *Kuta na lipu: matofali na saruji.*

"Hapa pana kosa," nikasema. "Nyumba ile ni ya mawe na chokaa. Mimi saruji siipeleki pale."

"Si kosa, mzee. Kompyuta ina saruji, chuma na mbao. Chokaa haimo. Nikiweka 'mengineyo' fomu inakwenda makao makuu, Dar es Salaam, na jibu lake si chini ya wiki tatu."

"Baba," Salhiya akasema polepole, "tumeshazungumza na Basil ulipokuwa chini. Ni neno la kompyuta tu."

Basil akasogeza kikombe. "Lakini hata hivyo, si utumie saruji tu? Siku hizi wote wanatumia."

"Wanatumia, na mvua ya nne lipu inavimba, jiwe ndani linaoza. Ukuta ule unavuta pumzi, mwanangu. Ukiutia saruji umeuziba pua." Nikaweka kidole kwenye lile neno. "Niambie. Jukwaa likianguka na fundi wangu akavunjika, nyinyi mtasoma nini kabla ya kulipa?"

Akaitazama karatasi chini ya kidole changu. "Tutasoma fomu," akasema.

Nilimfikiria Mcha, fundi tuliyekuwa tumemwandika wa kwanza. Miaka miwili nyuma alianguka kutoka ghorofa ya pili Fumba, akijenga chini ya kampuni nyingine. Kwenye karatasi za bima walikuwa wamemwandika kuwa ni mpaka rangi. Hakulipwa chochote, kwa sababu mpaka rangi hakuwa na shughuli kule juu siku ile. Mpaka leo anapanda ngazi kwa mguu mmoja kwanza.

Salhiya alinivuta kwenye ujia.

"Baba, nnakwambia ukweli. Tutie saini, tupate kazi, halafu tutie chokaa yetu. Nani atakuja kukwaruza ukuta?"

"Watakuja siku ya kulipa."

"Na pasipoanguka mtu?"

"Wewe unaweza kumdhamini Mcha kwamba haanguki?"

"Mimi nshaacha kazi!" Sauti yake ilipanda, mtu akachungulia mlangoni. "Nshaacha kazi kwa ajili ya hii kampuni. Watu wanasema Fundi Makungu anasoma sana. Leo umesoma mpaka umetutoa kwenye kazi."

Nikarudi ndani, nikachukua kalamu ya Basil, nikakata "matofali na saruji" kwa mstari mmoja mnyoofu, nikaandika juu yake "mawe na chokaa", nikatia saini pembeni.

"Hii itakwenda Dar, mzee," Basil akasema.

"Iende."

Ijumaa saa sita ilitukuta nyumbani. Kazi ikapewa kampuni nyingine. Wiki moja baadaye nilipita Kajificheni nikaona mifuko ya saruji imepangwa mpaka usawa wa madirisha. Nilisimama kidogo, kisha nikamfuata Mcha kwake nikamwambia kwamba kazi haipo. Akasema, "Riziki, fundi." Hakuniuliza sababu, na mimi sikumwambia.

Hoteli walimrudisha Salhiya, lakini si mapokezi. Walimweka kwenye kufua mashuka.

Jibu la Dar lilifika baada ya siku ishirini na sita. Wamekubali kutoa bima ya kazi ya chokaa. Salhiya aliisoma barua akiwa amesimama, kanga begani, tayari kwa zamu ya asubuhi.

"Imechelewa," akasema.

"Salhiya, kaa kidogo."

Akakaa. Nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote: kwamba nilipokata lile neno, Mcha nilimfikiria, ni kweli, lakini kulikuwa na furaha pia. Furaha ya mzee wa darasa la usiku aliyemkamata kijana wa ofisini na kosa la maandishi. Sijui ni lipi kati ya hayo mawili lililousukuma mkono.

Alikunja barua, akaitia kwenye faili la kampuni, akalifunga.

"Nilijua, baba," akasema. "Nilikuwa nnakutazama uso."

Akavaa viatu, akatoka.