Glavu za Kupikia Sabuni

Wakati wa vita, Séphora na mdogo wake Joyeuse walikuwa wakipika sabuni nyuma ya nyumba yao huko Butembo. Mawese yalipatikana bila taabu. Shida ilikuwa soude, ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, na ikigusa ngozi inaiunguza. Joyeuse alikuwa akijifunga mifuko ya plastiki mikononi. Siku moja mfuko ukatoboka, na kwa majuma mengi hakuweza hata kumfunga mtoto wake mgongoni. Séphora akasema hawatapika tena mpaka wapate glavu za kweli.

Butembo hazikuwapo. Akasikia kwamba Jéthro, mfanyabiashara wa Beni, ameleta glavu kutoka ng'ambo ya mpaka. Alishuka Beni, akazikuta ni nyeusi, za mpira mnene, zinazofika kwenye kiwiko. Akanunua jozi tatu, na kesho yake asubuhi akapanda camionnette, gari dogo la mizigo na abiria, ya kurudi nyumbani.

Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani cha kutokea mjini, askari waliwashusha abiria wote. Mmoja wao, mtu mzima mwenye mvi kwenye ndevu, alifungua mfuko wa Séphora, akatoa glavu moja, akaivaa, akaugeuzageuza mkono wake kama si wake. Akauliza mama anafanya kazi gani. Séphora akasema anapika sabuni. Yule askari alimwita mwenzake wakanong'onezana, kisha wakaiambia camionnette iende zake. Séphora akaambiwa abaki. Aliuliza kosa lake, wakamjibu kwamba hana kosa lolote, apande tu gari lao.

Walimpeleka kwenye depo ya zamani ya kahawa. Komanda alimpokea kwa heshima na kumwita docteur. Alipokana, komanda akatabasamu kana kwamba wana siri moja. Katikati ya depo lilikuwa limesimama pipa la plastiki la buluu, lenye maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Askari walikuwa wamelishusha kutoka kwenye lori lililokuwa likielekea Eringeti, na dereva alikuwa amekimbia. Askari mmoja alisema ni mafuta ya gari. Mwingine alisema ni dawa ya kupulizia kahawa.

“Mutu mwenye anatembeaka na magants ya vile, anajua vitu vya vile,” komanda alisema. “Fungula.”

“Mi napikaka tu sabuni, komanda. Ile hapana jua.”

Komanda alinyoosha kidole kwenye pipa.

Séphora alivaa glavu. Hakujua kilichomo, wala hakujua kama mpira ule ungekizuia. Alichokuwa nacho ni mazoea ya nyumbani: tangu Joyeuse aungue, hawakugusa soude bila ndoo ya maji karibu. Akaomba maji. Wakaleta ndoo mbili. Akawaomba wote wasogee nyuma, akaanza kuzungusha kifuniko polepole.

Moshi mweupe ulitoka, wenye harufu ya kuchoma pua. Yule askari wa mvi, ambaye wenzake walimwita Maliro, hakuwa amesogea. Alinyoosha mkono kusukuma kifuniko kirudi, pipa likatikisika, majimaji yaliyokuwamo yakamrukia vidoleni. Alipiga kelele mara moja, halafu akabaki akiutazama mkono wake. Séphora alimshika, akauzamisha kwenye ndoo, akambana pale huku akilia kwa sababu ya moshi. Maji ya ndoo zote mbili yalipokwisha, akaomba mengine.

Pipa lilipofungwa, komanda hakutabasamu tena.

“Kama haukujua yenye iko ndani,” alimwuliza, “juu ya nini uliomba maji mbele ya kufungula?”

 Séphora alijua kwamba jibu lipo, tena jepesi, lakini jinsi swali lilivyopangwa, kila jibu lilimtia hatiani. Alisema habari za sabuni, za mdogo wake, za mifuko ya plastiki. Komanda alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaamuru afungiwe chumba cha magunia mpaka aseme ni nani aliyemtuma.

Mchana ulipogeuka, risasi zililia nje, zikanyamaza. Mlango ulifunguliwa na askari wengine, waliovaa nguo zilezile na kuzungumza Kiswahili na Lingala kama wale wa kwanza. Mkubwa wao alimwuliza yeye ni nani. Séphora akauliza komanda yuko wapi.

“Komanda ni miye,” alisema yule mtu. “Nani alikufunga?”

Séphora alieleza kama alivyoweza. Yule komanda mpya alikunja uso, akasema hajui habari za pipa, na kwamba mama aende nyumbani.

Uani alimkuta Maliro, mkono umefungwa kitambaa, na bunduki ileile begani. Hakusema sasa yuko upande gani, na Séphora aliogopa kumwuliza. Maliro alimrudishia mfuko wake, kisha akaomba jozi moja ya glavu. Wamemwamuru alitoe lile pipa nje, alisema, na wenzake wote wanakataa kulikaribia. Séphora alimtazama mtu aliyemshusha garini asubuhi. Akampa jozi aliyoivaa wakati wa kufungua pipa, akamwonyesha jinsi ya kuikunja kwenye kiwiko ili matone yasiingie ndani, na akamwambia aweke maji karibu.

Alifika Butembo siku iliyofuata. Joyeuse alimlaki mlangoni, akapokea mfuko, akauliza imekuwaje glavu ni jozi mbili tu, na yaya, yaani dada yake mkubwa, alilala wapi.

Séphora aliketi. Alianza na barrière, akarudi kwa Jéthro, akaruka mpaka kwa komanda wa pili, akaishia hapo. “Walifikiri niko docteur,” alisema. “Kisha walifikiri niko adui. Kisha hawakufikiri kitu.”

 Joyeuse akaingiza mikono yake yenye makovu katika glavu, akafungua na kufumba vidole. Zilikuwa kubwa kidogo. Akaenda kuwasha moto.

Juma lile walipika sabuni, na haikumuunguza mtu. Habari za Maliro hawakuzipata tena. Kila mtu aliyetoka Beni, Séphora alimwuliza nani anashika mji sasa, na kila mmoja alimjibu tofauti.