Mikunjo ya Tarcisio

Jumatatu asubuhi, baada ya kunywa chai, Aloyo alimwanua mumewe kwenye kamba, akamkunja mara nne kwa kufuata mikunjo yake, akamweka begani na kushika barabara ya kutoka Katwe, mtaa wao wa mafundi. Alikuwa amemwanika tangu alfajiri apigwe na upepo, maana Tarcisio hakupenda kwenda mbele ya serikali akinuka godoro. Rosebella, Mkenya aliyeuza maandazi karibu na mlango wao, aliuliza shemeji ameamkaje.

"Salama. Leo ni mwepesi," Aloyo akajibu.

"Basi mshike vizuri, asije akapeperuka tukamtafute ziwani Ggaba kwenye samaki."

Tarcisio akacheka huko begani.

Alikuwa fundi wa masanduku ya bati. Mwaka ule wanajeshi walipokuwa wakikamata watu kwa uzururaji, walimkuta amebeba sanduku la mteja, wakampakia kwenye lori pamoja nalo. Chumba alichofungiwa kilijengwa kwa watu ishirini. Waliokuwamo walilala kwa zamu. Wengine walisimama wakingoja. Mmoja wao, mzee Ocen, alikuwa na homa na zamu yake ilikuwa mbali. Tarcisio akajipapasa mwili kama alivyozoea kupapasa bati, akitafuta mahali panapokubali kukunjwa bila kupasuka. Alipopapata akajikunja, akajiegemeza ukutani, na mzee akapata pa kujinyoosha. Ocen alikufa siku ya pili, lakini alikufa amelala, kama mtu aliye kwake. Askari aliyekuja kuhesabu wafungwa alimhesabu Tarcisio kama kawaida. Habari zilifika Katwe, na tangu hapo mafundi walipotaja jina lake waliweka nyundo chini kwanza.

Alipotoka, mikunjo ilikuwa imeshakaa. Aliweza kusimama kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, tena kwa maumivu, kwa hiyo mkewe alimbeba. Tena hakuachiwa huru kamili. Aliwekwa chini ya uangalizi: aripoti kila Jumatatu kwa afisa wa probesheni, katika ofisi iliyokuwa ndani ya ua wa gereza, na asivuke daraja la Karuma kwenda kwao, ambako mama yake alikuwa mgonjwa na kila siku alimwulizia.

Korido ya ofisi ilijaa watu wa namna hiyo. Mmoja aliiba kuku, mwingine alipika pombe kali ya waragi, mwingine aligombana na shemeji yake tu. Aliyekosa Jumatatu moja kwa sababu ya mvua alirudishwa ndani, na ndiyo maana kile chumba hakikupungua watu hata siku moja.

Afisa aliitwa Marjan, mtu mpole aliyekaribisha kila mtu kwa kumpa kiti. Aliwaeleza Aloyo na mumewe kwamba wakubwa wa gereza wamesikia habari za kujikunja na wamefurahi. Hawatajenga chumba kingine, wala hawatawaachilia waliokamatwa bure. Wanachotaka ni Tarcisio awafundishe wafungwa, ili mahali palepale paingie watu mara mbili. Akikubali, uangalizi wake unaisha.

"Kesho mnapanda basi, Mama Akot," alimwambia Aloyo, akimwita kwa jina la mtoto wake. "Mnakwenda kumwona bibi."

Aloyo alitaka akubali. Alimminya mumewe kidogo pale begani ili ajue.

Tarcisio akaomba awekwe chini. Akajikunjua mkunjo mmoja baada ya mwingine, akilia kama bati, mpaka akasimama wima, na ilionekana kwamba alikuwa mrefu kuliko Marjan.

"Afande, mimi nilijikunja mzee apate kulala," alisema. "Sikujikunja wewe upate pa kuweka mwingine."

Marjan hakukasirika. Alifikiri, akasema hilo ni jibu la mtu ambaye bado anahitaji kuangaliwa, akamwongezea mwaka.

Mlango ulikuwa wazi, na watu wa korido walikuwa wamesimama wote. Aloyo alimlilia yule mama wa ng'ambo ya Karuma, machozi mawili matatu, akayafuta. Kisha akavuta pumzi, akapiga mwoc ya mumewe, mwito wa sifa ambao Mwacholi hupigiwa akirudi kutoka vitani. Akaurudia kwa sauti zaidi, hata waliokuwa wakishushwa kwenye lori uani wakageuza vichwa.

Marjan alingoja amalize. Kisha akamwita mwingine.