Birika la Winchi

Ugomvi wa lile birika ulianza hata kabla halijatoka kwenye boksi.

Lilikuwa chuma cha mazoezi, lakini na tuliite birika, kama alivyoliita mke wa mwenye nalo, maana lilifanana na birika nene lisilo na mdomo, tumbo la chuma na mpini juu. Ila tumboni hamna chai. Mna visahani vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na kidude chenye namba cha kuzungusha, kama kile cha jiko la gesi. Ukizungusha hadi nane unanyanyua kilo nane, visahani vingine vinabaki kwenye kitako chake. Ukizungusha hadi ishirini unanyanyua vyote, na Mungu akusaidie.

"Si ungenunua chuma cha kawaida tu?" mke alisema. Alikuwa fundi cherehani, na meza yake ya kukatia vitambaa ilikuwa imekula nusu ya sebule. "Chuma kizima, kimetulia. Hiki kinalia kama kabati la vyombo! Litumbo lote hilo litakugonga mkono. Na siku visahani vikichomoka, vidole vya miguu kwaheri."

"Cha kawaida kina uzito mmoja," mume akajibu. "Mgongo ukipata nafuu ninunue kingine, ukipata nafuu tena, kingine. Vyote hivyo tuviweke wapi? Mezani kwako?"

Mezani kwake? Thubutu! Mke akasogeza kiti, na birika likapata makazi kando ya dirisha.

Mume huyo alikuwa mbeba samani wa kampuni ya kuhamisha watu nyumba, na wenzake walimwita Winchi. Hata mkewe alimwita hivyo. Friji, makochi, vitanda, vyote vilipanda ghorofani mgongoni mwake, mpaka siku kabati la milango mitatu lilipomwelemea kwenye ngazi na mgongo ukagoma. Tangu hapo alikaa ndani kutwa, kazi yake kumkosoa mkewe anavyokunja mashuka. Daktari alimwambia aanze na uzito mdogo, aongeze polepole. Tajiri mwenye malori ya kampuni naye akamwambia, "Ukiweza kilo ishirini bila kuguna, njoo. Nafasi yako ipo." Ishirini hiyo ndiyo ikawa ndoto ya nyumba nzima.

Basi kila asubuhi Winchi akaweka nane, akainama, akanyanyua, akatoa jasho. Mke akakanyaga cherehani lake akijifanya hamnazo, kumbe roho juu.

Siku moja mteja akaleta hariri. Jamani, hariri! Inateleza kama sabuni, pini zinaitoboa, na yale mawe ya uani aliyozoea kukandamizia vitambaa yangeichafua. Mke akatupa jicho dirishani. Akaviona visahani vya chini ambavyo mumewe bado hajavifikia, vilaini, vizito, vimekaa bure. Akachukua viwili vya juu yake, vile vinavyofuata baada ya nane. Akavishonea na vifuko vya kitambaa visiiguse hariri, vikapendeza kuliko mito ya pini. Jioni nitavirudisha, akajiambia. Jioni ikafika, akasahau.

Kesho yake Winchi akazungusha hadi kumi na mbili. Birika likapaa.

"Umeona? Umeona wewe? Kumi na mbili hiyo!"

Mke akafungua mdomo amwambie. Halafu akamtazama. Mwanamume alikuwa anacheka, meno yote nje, na hakuwahi kucheka hivyo tangu siku ya kabati. Mke akaufunga mdomo.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama. Kazi za kushona ziliongezeka, na visahani navyo vikaendelea kuhamia mezani, kimoja kimoja, kila kimoja na koti lake. Namba za Winchi zikapanda, uzito ukabaki uleule wa nane. Akafika ishirini anapiga mluzi!

"Jumatatu naripoti kwa tajiri," akatangaza wakila.

Mke akarudisha tonge kwenye sahani. Akaliona kabati, akaziona ngazi, akauona ule mgongo, na safari hii wa kulaumiwa angekuwa yeye. Jumapili asubuhi, Winchi akiwa bafuni, akavivua visahani vyote makoti na kuvirudisha mahali pake. Ajionee mwenyewe kwamba hawezi, aghairi. Lakini Winchi alipotoka, akazungusha hadi ishirini na kuinama kwa madaha kama anayeokota kitana, mke alishindwa kuvumilia.

"Acha! Usiliguse!"

Akayamwaga yote, hariri, vifuko, ile nane iliyojiita ishirini. Alisema huku analia, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Winchi akajinyoosha taratibu. Mke akasubiri radi.

"Najua," Winchi akasema.

"Unajua nini?"

"Nimebeba mizigo ya watu maisha yangu yote, fundi. Nisiijue nane na ishirini?"

"Ala! Sasa ulikuwa unacheka nini?"

"Ulikuwa unanitazama," akasema. "Tangu niumie ukinitazama kama glasi yenye ufa. Siku ile ukanitazama kama zamani. Nikaona niendelee."

"Na hiyo Jumatatu?"

Winchi akakaa kwenye kiti cha wateja. "Ningefika getini, nikarudi, nikakwambia nafasi imejazwa." Akajishika magoti. "Naziogopa zile ngazi, mke wangu. Naziogopa sana."

Mke akamchapa na ile futi, si mara moja. Kisha akamkumbatia pale pale kwenye kiti, wakacheka mpaka mbavu zikauma, na machozi yalikuwemo.

Kisha mke akavichukua visahani vya chini, akavivisha makoti yao na kuvirudisha mezani. "Hivi vinakaa kwangu. Ukikitaka kimoja, unakuja kuniomba. Sitaki maigizo. Haya, nane ya kweli, naangalia."

Winchi akanyanyua nane ya kweli, akaguna kweli.

Jumatatu ikapita, na Jumatatu nyingine nyingi. Ndipo asubuhi moja, mke akiwa katikati ya kukata blauzi, mkono wa Winchi ukanyooshwa mbele ya mkasi.

"Fundi, naomba kimoja."

Mke akamtazama usoni. Hakuwa anacheka, wala hakuwa anamtazama yeye. Macho yalikuwa kwenye birika. Mke akakichomoa kisahani kilichokuwa karibu, kitambaa kikateleza, mkasi ukaenda kombo kwenye bega la blauzi.

"Umeniharibia blauzi ya watu, Winchi!" akapiga kelele, na majirani wote wakasikia jinsi alivyofurahi. Kisha akatoka uani kutafuta jiwe la kuweka pale pengo lilipobaki.